Mwaka wa Mistari Miwili

Bwana Nzioka alinipigia simu asubuhi, nikiwa kwenye veranda yangu hapa kwetu Wote, Makueni, nikichambua mbaazi. Siku hizi sauti yake imekuwa nyembamba, na huanza kuongea kabla simu haijafika vizuri sikioni mwangu. "Mutheu, Syombua ametuacha," alisema. "Amelala jana akiwa mzima, leo hakuamka." Nilimwambia pole, naye akaniambia pole, kwa kuwa kati yetu wawili hakuna aliyejua msiba huo ni wa nani zaidi. Kisha nikauliza atazikwa wapi. Kwetu Ukambani swali hilo haliulizwi kuhusu mama aliyeishi kwenye boma lake mpaka uzee, lakini mzee hakunishangaa. Nikasikia kuku nyuma yake. "Kando ya mumewe," akasema. "Wamekwisha kuanza kuchimba, na hakuna mtu amesema neno." Nilipoweka simu chini niliona kwamba mbaazi nzuri na mbovu nilikuwa nimezirudisha zote kwenye sinia moja.

Nimefika umri ambao watoto wa jirani wananiita susu, yaani nyanya, na wanajua kwamba susu huyu hufunga lango, akafika mlangoni, akarudi kulifunga tena. Wanajua pia kwamba sipendi kuona vigingi vipya vimepigwa mahali. Hawajui nilikovipata vitabia hivyo, nami sijawahi kuwaeleza. Nilivipata Kitui, katika mwaka mmoja, nikiwa msichana aliyetoka kumaliza kozi ya kuchora ramani. Bwana Nzioka alikuwa mpima ardhi wa kujitegemea pale mjini, akanichukua nimwendeshee chumba cha nyuma cha ofisi yake. Kanisa likanitafutia pa kulala kwa mjane mmoja Matinyani, nje kidogo ya mji. Huyo ndiye aliyekuwa Syombua. Nilimwita Mwaitu tangu siku ya kwanza, kama ninavyomwita mama yangu mzazi, na yeye akaitika bila kufikiri.

Chumba changu kilikuwa kimetenganishwa na jikoni kwa mabati tu. Moshi wake ulipita juu ya mabati, na maneno yalipita popote. Nilijua siku ya muthokoi, mahindi ya kukoboa, kwa sauti ya kinu, nikajua siku ya kunde kwa namna Mwaitu alivyozikemea kwa kutoiva. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno mbele ya watu, lakini akiwa peke yake na sufuria aliongea sana. Aliongea na moto, na Mungu, na marehemu mumewe Mutinda. Kaburi la Mutinda lilikuwa nyuma ya jikoni, simiti imelazwa vizuri na msalaba wa chuma juu, kati ya michungwa miwili. Kutoka kaburini hadi kwenye safu ya mikonge iliyokuwa mpaka wa shamba hapakuwa mbali. Mtu angeweza kusimama kwenye kaburi na kurusha ganda la chungwa likaanguka upande wa pili. Upande huo wa pili aliishi shemeji yake, Kimanzi, kaka mkubwa wa Mutinda, pamoja na mkewe Mbithe na watoto wao. Miezi yangu ya kwanza sikumbuki Kimanzi akivuka mikonge ile, wala Mwaitu akilitaja jina lake. Nilidhani ni ule ubaridi wa kawaida wa mashemeji.

Kazini nilikuwa na mashini moja tu ya kuangalia, nayo ilinitosha. Tuliiita plota. Ilikuwa printa pana kama kitanda, imesimama kwa miguu, inakula karatasi ya rola na kutoa ramani ambayo watu wawili hawawezi kuikunjua bila kugongana. Bwana Nzioka aliinunua Nairobi ikiwa imetumika, akaileta kwa pikapu imefungwa blanketi kama mgonjwa. Tuliiweka chumba cha nyuma, tukaziba dirisha kwa gunia kuzuia vumbi, lakini vumbi la Kitui halizibiwi. Nilipenda kuiangalia ikifanya kazi. Vichwa vya wino vilikwenda kushoto vikimwaga, vikarudi kulia vikimwaga, karatasi ikisogea kidogo kidogo, na shamba la mtu likatokea pale mbele yangu, pembe kwa pembe. Mwaka huo ofisi yetu ilikuwa imepata kazi ya kuchora ramani za mashamba ya Matinyani, ili wenyewe wazione, waseme kama wameridhika, halafu kila mtu apate hati yake. Kwa hiyo mashamba yaliyotokea kwenye karatasi yangu mchana ndiyo niliyoyapita kwa miguu jioni nikienda kula.

Kiangazi kilipokolea ndipo mistari ilianza kuharibika. Mwanzoni ilikuwa kama mtu ameiandika mkono ukitetemeka kidogo. Baadaye mistari mingine ikawa na kivuli, na mwishowe kivuli chenyewe kikawa mstari. Ungeangalia mpaka wa shamba ukaona mistari miwili myembamba inatembea pamoja, sambamba, na nafasi nyeupe katikati. Nilimwita Bwana Nzioka. Aliinama na miwani yake, akasema wino umeziba. Tukasafisha vichwa, tukachapisha ile karatasi ndogo ya kujaribu, na kila tundu likatoa wino wake bila kukosa. Akasema basi ni umeme, kwa sababu jirani yetu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na taa zetu zilififia kila akianza. Tukangoja fundi afunge, tukachapisha, mistari miwili. Akasema labda ni mchoro wenyewe, pengine nimechora mpaka mara mbili bila kujua. Tukaukuza kwenye skrini mpaka ukajaa: mstari mmoja, safi. "Hii kitu ina siri," alisema Bwana Nzioka, akacheka. Mimi sikucheka. Kulikuwa na kitu cha kutia hofu katika kuona skrini inasema moja na karatasi inasema mbili.

Wakati tukiwa bado hatujapata jibu, kamati ya ardhi ikatuma mtu kuchukua ramani. Mikutano ilikuwa imetangazwa makanisani, watu wanangoja. Bwana Nzioka alikuwa anaondoka kwenda Ikutha kupima, akaiangalia ile ya Matinyani akiwa amesimama na funguo mkononi. "Hii ni ya kuangalia tu," akasema. "Ya mwisho tutatoa mashini ikipona. Wape." Haukuwa uamuzi wa kijinga. Mpima ardhi yeyote angetazama ile karatasi na kuona wino mbaya. Hakuna kati yetu aliyefikiria macho ya mtu ambaye si mpima ardhi, mtu ambaye amekaa miaka akitafuta mahali pa kuingiza kidole.

Ramani ilibandikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa. Jioni ile nilipofika nyumbani nilimkuta Mwaitu amekaa kwenye kigoda, ungo wa ndengu magotini, na hachambui. Wamama wawili wa kanisa walikuwa wamekaa naye. Niliingia chumbani kwangu nikavua viatu, na sauti zikapita kwenye mabati.

"Shemeji yako amekuja na rula," mmoja alisema. "Ya shule, ya mtoto wake. Akapima pale katikati ya mistari, akaandika kwenye mkono wake na kalamu."

"Na akasema nini?" mwenzake aliuliza.

"Akasema serikali imeona. Akasema hapo katikati si kwa Syombua na si kwake. Ni pa ukoo. Na yeye ndiye mkubwa wa ukoo."

Nikasikia ndengu zikimwagika, kidogo, kama mchanga. Kisha sauti ya Mwaitu: "Amepima upana gani?"

"Hatua kadhaa, ukiweka kwa ardhi."

"Basi amefika kaburini," Mwaitu alisema.

Sikula vizuri. Nilimweleza kwamba ni mashini, kwamba mstari ni mmoja, nimeuona kwa macho yangu, na kwamba Bwana Nzioka akirudi atasema. Alinisikiliza akinijazia ugali kwenye sahani kana kwamba nimesema jambo kuhusu hali ya hewa. Halafu akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Mutinda alipokufa, Kimanzi alitaka ndugu yake azikwe kwenye boma la zamani la baba yao, upande wake. Alikuwa amekwisha kuchimba. Mwaitu akakataa, akasema mume wake atalala katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na wazee wakamkubalia. "Lile shimo alilochimba," alisema, "hakulifukia. Alikaa nalo mwaka mzima, mvua ikilijaza, mbuzi wakianguka humo. Mpaka Mbithe akalifukia mwenyewe." Akanyanyua sufuria, akaniuliza kama nimeshiba.

Vigingi vilianza wiki ile. Asubuhi tuliamka tukakuta kimoja upande wetu wa mikonge, kimechongwa vizuri, kimepakwa rangi nyeupe kichwani. Kesho yake kikawa na mwenzake. Hakuna aliyemwona akivipiga. Vilikwenda vikifuata mstari ulionyooka kabisa, nami niliyetumia siku zangu kuangalia mistari nilitambua kazi ya mtu asiye na haraka. Mwaitu hakuving'oa. Alianika nguo zake juu yavyo. Siku moja nikienda kazini nilikutana na Kimanzi kwenye kijia, anavuta mkokoteni wa mitungi ya maji. Alikuwa mtu wa kupendeza kuangalia, mvi zimekaa vizuri, shati limefungwa mpaka shingoni. Alisimamisha mkokoteni kunipisha, akanisalimia kwa heshima, akauliza habari za watu wa Makueni. Kisha akasema, "Wewe ndiye wa ile mashini."

"Ndiyo, mzee."

"Ikishachora, inaweza kufuta?"

"Hapana. Inachora tu."

"Aa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyepokea zawadi ndogo. "Nilifikiria hivyo." Akavuta mkokoteni wake akaenda. Nilimwangalia mpaka alipokata kona. Hakunitisha kwa neno lolote. Mpaka leo, mtu akiniuliza swali la kistaarabu kupita kiasi, mgongo wangu unapata baridi ya asubuhi ile.

Bwana Nzioka aliporudi kutoka Ikutha nilimweleza yote hata hajaweka mkoba. Aliketi. Halafu akavua koti, akakunja mikono ya shati, na tangu saa ile hatukufanya kazi nyingine. Alichukua ile karatasi mbovu, akaitandaza sakafuni, akapiga magoti juu yake. "Angalia vizuri, Mutheu," akasema. "Si kila mstari umegawanyika. Hii inayokwenda hivi ni mizima." Alipitisha kidole kutoka ukingo mmoja wa karatasi hadi mwingine, njia ileile wanayopita vichwa vya wino. "Hii inayokwenda vile ndiyo miwili." Nilikuwa nimeiona karatasi ile mara nyingi na sikuwa nimeliona hilo. Akaniambia niugeuze mchoro mzima kwenye kompyuta, ulale ubavu, nichapishe tena. Plota ikaanza kupiga makelele yake, karatasi ikatoka, na tulipoitandaza kando ya ile ya kwanza nikapiga magoti mimi pia. Mpaka wa Mwaitu na Kimanzi ulikuwa mstari mmoja, mwembamba kama unywele. Lakini mipaka mingine, ile iliyokuwa mizima, sasa ndiyo iliyogawanyika. Kila shamba Matinyani lilikuwa limepata nafasi nyeupe mahali pengine. Kanisa lilikuwa nayo. Shule ilikuwa nayo. Kimanzi mwenyewe alikuwa nayo, upande wa chini, kwa jirani ambaye hakuwa na ugomvi naye wowote.

"Hii usimwonyeshe mtu," Bwana Nzioka alisema polepole. "Si kwa kuficha. Watu wakiona hii, kila mtu atachukua rula."

Sasa alijua. Mashini ilikuwa inamwaga wino ikienda na ikimwaga ikirudi, na kule kwenda na kule kurudi havikukutana mahali pamoja. Tuliiamuru imwage ikienda tu, irudi kapa. Ikachapisha kwa mwendo wa kinyonga, na mistari yote ikawa mmoja mmoja. Basi tukafungua kifuniko. Ndani, urefu wote wa mashini, kuna utepe wa plastiki unaopita kiunoni mwa vile vichwa, umechorwa vimistari vidogo ambavyo jicho haliwezi kuvihesabu. Vimistari hivyo ndivyo vichwa vinavyovisoma ili vijue vimefika wapi. Wetu ulikuwa na utando wa vumbi jekundu na mafuta, mzito upande mmoja. Bwana Nzioka aliupangusa kwa kitambaa kilicholowa kidogo, taratibu, akizuia pumzi, kama mtu anayemsafisha mtoto jicho. Kitambaa kikatoka na rangi ya udongo wa Matinyani. Tukavipanga vichwa upya. Jioni ile plota ilitoa ramani isiyo na doa, tukaikunja, na nikahisi furaha ambayo nilikuwa na umri wa kuiamini.

Bwana Nzioka alikuja nayo mwenyewe shambani, pamoja na wazee wa kamati. Tulisimama kwenye mikonge, Mwaitu upande huu, Kimanzi upande ule, Mbithe nyuma yake amefunga mikono kifuani. Bwana Nzioka alieleza kwa Kikamba, bila kiburi, akionyesha karatasi zote mbili, akisema mashini yake ilikuwa mgonjwa na kwamba yeye ndiye wa kulaumiwa kwa kuiacha karatasi mgonjwa itoke nje. Kimanzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Hii ya kwanza imetoka kwa mashini gani?" aliuliza.

"Yetu."

"Na hii ya pili?"

"Hiyohiyo, lakini imetengenezwa."

"Nani ameitengeneza?"

"Mimi."

"Baada ya huyu msichana kukuambia anakaa kwa nani." Hakupandisha sauti. Wazee wakaangalia chini. Bwana Nzioka akasema hatuhitaji karatasi yoyote kati ya hizo mbili, kuna jiwe la mpaka, lilipandwa wakati wa baba zao, twende tupime kutoka pale. Tukaenda mpaka kwenye pembe. Jiwe halikuwepo. Palikuwa na nyasi zimelazwa kwa makini, na chini ya nyasi udongo laini, mgeni, uliokanyagwa. Bwana Nzioka aliugusa kwa ncha ya kiatu, akauacha. Kimanzi alishukuru watu wote kwa kuja, akamwambia Mbithe alete uji, na tulikunywa uji ule, kila mmoja wetu, kwa sababu kukataa kungekuwa kusema jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisema la kwanza. Ulikuwa uji mtamu.

Akiondoka, Bwana Nzioka alinivuta kando ya pikapu. "Hama hapa," akaniambia. "Kaa mjini kwa dada yangu." Nilisema siwezi kumwacha Mwaitu peke yake. Alimgeukia Mwaitu akamwambia apige ripoti kwa chifu kuhusu jiwe. Alipiga. Kimanzi aliitwa, akaenda amevaa koti, akakubali kila kitu alichoambiwa, akarudi. Vigingi havikuongezeka tena. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote, kwa maana mtu aliyekuwa akifanya jambo kila siku amekaa kimya na hajasema amekubali kushindwa. Siku za kungoja mvua zilikuwa nzito. Mawingu yalikusanyika juu ya vilima, yakakaa, yakaondoka. Jioni, kabla ya jua kuzama, Kimanzi alitoka akasimama upande wake wa mikonge na kuliangalia kaburi, mikono nyuma, kama mtu anayengoja basi. Kupitia ua nilimsikia Mbithe akimwambia, "Baba Mwende, mwache ndugu yako alale." Sikusikia jibu. Mwaitu alipunguza kuongea na sufuria. Alipanda ndengu zake kwenye udongo mkavu, akingoja mvua, akazipanda mpaka ukingoni mwa michungwa, na hakuacha hata nafasi ya unyayo mmoja.

Mvua ilinyesha Jumamosi, ikanyesha vizuri. Jumapili tulikwenda kanisani tukikanyaga matope, watu wakicheka, wakishukuru. Tulipokuwa tunarudi harufu ya udongo ilikuwa kila mahali, kwa hiyo sikushangaa kuisikia ikiwa kali zaidi nyuma ya jikoni. Mwaitu ndiye aliyesimama kwanza. Kimanzi alikuwa ndani ya shimo kufika magoti, pembeni mwa kaburi, shati lake zuri limetundikwa kwenye mchungwa. Alikuwa amevunja pembe ya simiti na kuvipanga vipande vyake kando, kwa usafi, kama matofali. Upande wa pili wa mikonge kulikuwa na shimo jingine, limekamilika, pembe zake zimenyooka. Pembeni mwake palikuwa na blanketi jipya bado liko kwenye nailoni.

Mwaitu alinipa Biblia yake. Akavua kitambaa cha kichwa, akanipa. Akatembea mpaka kaburini, akapanda juu ya simiti, akaketi, akanyoosha miguu yake mirefu mbele kama mtu amekaa kitandani kwake.

"Toka, mke wa ndugu yangu," Kimanzi alisema.

"Chimba," Mwaitu alisema. "Mimi niko na yeye. Ukimtoa, unitoe."

"Ni wa kwetu. Alikuwa wa kwetu kabla hajakujua."

"Najua."

Alisema hilo kwa upole, na mimi mpaka leo naamini ni ule upole uliomshinda Kimanzi. Kama angetukanwa angejua la kufanya. Alisimama ameshika jembe, uso umekunjamana kama wa mtoto, na nikafikiri amekwisha kushindwa, kwamba atalitupa. Alilinyanyua. Nikafikiri analipeleka udongoni. Sitaeleza sauti. Lilimpata Mwaitu kwenye bega, naye hakupiga kelele. Aliegemea msalaba wa chuma polepole, akaushika kwa mkono uliobaki. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Watu walipokuja mbio walimkuta Kimanzi ameketi ndani ya shimo lake, jembe amelilaza pembeni, anangoja. Hakupinga alipofungwa kamba. Jirani mmoja alikuwa na pikapu, tukamlaza Mwaitu juu ya magunia ya mahindi, na njia nzima aliuliza kama mtu amelifunika kaburi, maana wingu linarudi.

Nitasema hapa yaliyofuata baadaye, ili mtu asiyasubiri. Mkono wa Mwaitu haukunyanyuka tena juu ya kiuno. Kimanzi alifungwa, akakaa ndani miaka, akatoka akiwa mzee wa kushikiliwa, na hakuvuka mikonge tena mpaka alipotutangulia. Jiwe jipya lilipandwa mbele ya watu wote. Lakini wakati huo hatukujua kama yataisha hivyo. Wakati huo nilirudi kazini Jumatatu, nikakuta Bwana Nzioka amekaa chumba cha nyuma na taa imezimwa. Plota ilikuwa imetoa ramani ya mwisho ya Matinyani, mistari mizuri kuliko yote niliyowahi kuona. Aliniuliza habari za hospitali, nikamweleza. "Ningeichelewesha ile karatasi," alisema, "angetafuta kitu kingine. Si ndiyo?" Nilimwambia sijui. Ningeweza kusema ndiyo, na alikuwa amenifanyia mema mengi. Lakini sikujua, na bado sijui.

Nilibaki peke yangu kwenye boma. Ndengu ziliota, na magugu yakaota kwa kasi zaidi. Asubuhi moja nilimkuta Mbithe amesimama jikoni kwetu na sufuria ya muthokoi imefunikwa kwa majani ya mgomba. Alikuwa amevuka mikonge. Watu walikuwa wameacha kumsalimia njiani, na watoto wake walikuwa wakienda shule kwa kuzunguka. Hakuketi.

"Wewe umesoma," alisema. "Niambie. Ni mashini ilikosea, ama ni yeye?"

Nilijua alichotaka kusikia. Ningeweza kumpa kwa neno moja, na lingemsaidia kulala. "Mashini ilikosea mwezi wa nane," nilimwambia. "Tuliitengeneza. Alionyeshwa."

Aliinamisha kichwa. "Nilikuwa hapo," alisema. "Nilimpikia uji." Akaweka sufuria mezani, akatoka. Nilipotoka mimi kwenda kazini nilimwona ameinama kwenye ndengu za Mwaitu, anapalilia, khanga amejifunga kiunoni, na hakuinua macho. Kesho yake alikuwa hapo tena. Aliendelea hivyo hadi shamba zima likawa safi. Alilifikia kaburi akapalilia kulizunguka pia, akifanya kwa mikono mahali jembe lisingefaa.

Mwaitu aliporudishwa nyumbani, mkono umefungwa kifuani, alishuka kwenye pikapu akasimama langoni. Mbithe alikuwa upande wa mbali wa shamba. Alimwona, akanyooka, jembe mkononi, kisha akaonekana kukumbuka ni kitu gani ameshika, akaliweka chini haraka na kujipangusa viganja. Hakuna aliyesogea. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wa nguo.

"Mbithe," Mwaitu aliita, "umekula?"

Tulikula jikoni, watatu, muthokoi wa jana uliopashwa. Mbithe alimkatia Mwaitu kipande cha parachichi, akakiweka upande wa mkono wake mzima. Hawakutaja jina lolote. Kesi ilikuwa bado mahakamani, na mjini watu walikuwa wakisema huenda Kimanzi akaachiliwa kwa dhamana kabla ya sikukuu. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia, na kwa namna walivyotafuna niliona kwamba nao wameyasikia. Katikati ya chakula lango liligongwa. Vijiko vikasimama vyote pamoja. Likagongwa tena, na Mbithe akainuka, akaenda mlangoni, akasimama akiziba mwanga.

"Ni mbuzi," alisema.

Mwaitu akamwambia arudi akae, chakula kinapoa. Mbithe akasema anakuja. Lakini alibaki pale mlangoni, mgongo kwetu, mkono mmoja juu ya fremu, na sisi wawili tukamaliza kula tukimwangalia.